Mvungu wa Mdomo Mmoja

Nei Kinaai aliliona kosa siku tatu kabla ya safari, akalimeza kama mtu anavyomeza mwiba wa samaki mbele ya wageni: machozi yalimlenga, lakini mdomo ukabaki umefungwa.

Ngalawa ya mwanawe Biribo ilikuwa imelala kifudifudi bandani, tumbo juu, inangoja rangi ya mwisho. Katikati ya tumbo lile Biribo alikuwa amechonga mvungu, mrefu kama mkono na nusu, na juu yake amejenga sanduku la mbao lisilo na kitako. Injini ingesimama ndani ya sanduku hilo, iteremshe mguu wake, na propela ingejificha mvunguni kama ulimi kinywani. Lilikuwa jambo jipya pale kisiwani Abaiang. Wengine wote walipachika injini kwenye ubao wa pembeni, kati ya ngalawa na rengu, lile gogo la ubavuni linaloizuia isipinduke, na hapo kila wimbi likipita propela hubaki hewani ikilia kama nguruwe aliyeshikwa mguu. Na chini matumbawe yanangoja. Haukupita mwaka bila mtu kurudi nyumbani kwa kupiga kafi, propela yake imebaki na jino moja.

Mvungu kama huo Biribo aliuona kisiwani Tarawa, alikofanya kazi miaka mitatu kwenye karakana ya boti. Alirudi nao kichwani, akauchonga kwa mkono wake.

Nei Kinaai alikuwa ameleta chai. Akaweka kikombe chini, akaingiza mkono mvunguni kupapasa, maana siku hizi aliviamini vidole vyake kuliko macho. Upande mmoja mkono ukateleza ukatoka nje taratibu, kama mtu anayefuta sahani. Upande wa pili vidole vikagonga ubao uliosimama wima. Mvungu ulikuwa na mdomo mmoja tu.

Akabaki pale ameinama, mkono bado ndani.

Boti za Tarawa zina kichwa na mkia. Maji ya propela hutokea mkiani siku zote, basi mdomo mmoja unazitosha. Lakini ngalawa ya kwao ina mkia gani? Ina rengu moja, na rengu hilo lazima likae upande upepo unakotoka, mchana na usiku, kwenda na kurudi. Kwa hiyo mtu akitaka kurudi alikotoka hageuzi chombo. Huhamisha tanga na usukani kutoka ncha hii mpaka ncha ile, injini akaizungusha, na iliyokuwa nyuma ikawa mbele. Wakati wa kwenda, maji yangetoka mvunguni bila shida. Na wakati wa kurudi, propela itayasukumia wapi? Ubaoni.

"Mama, umepoteza pete humo?" Biribo aliuliza, msasa mkononi, uso mweupe kwa vumbi la mbao.

"Naona tu ulivyolainisha," alisema, akautoa mkono.

Asingeweza kusema lingine. Asubuhi ileile wazee wa ukoo walikuwa wameshaipa ngalawa jina, na katika nyumba ya marehemu mume wake, Ten Nabuti, chombo kikishapewa jina hakuna anayetaja kasoro yake mpaka kiende baharini na kurudi. Ikitajwa kabla, tena mbele ya mtu wa nje, fundi huvuliwa jina la ufundi. Si maneno ya kutishia watoto hayo. Shemeji yake mwenyewe alivuliwa, na tangu hapo hadi anazikwa kazi yake ilikuwa kupasua kuni. Nei Kinaai alikumbuka jinsi watu walivyokuwa wakimwagiza kuni kwa upole mno, na upole ule ulivyomla.

Akajiambia pengine wanaume wanajua wasichomwambia. Akachukua kikombe, chai ikiwa imepoa, akaenda kumalizia pindo la tanga.

*

Siku ya safari walipanda watatu. Biribo alipanda kwa kuwa chombo ni chake. Nei Kinaai alipanda kwa kuwa aliyeshona tanga lazima aone linavyovuta mara ya kwanza. Wa tatu alikuwa Ten Uriam, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi wa vijiji vya kaskazini, mtu wa nje ya ukoo, mnene, mcheshi, asiyepita mahali bila kutafuna kitu. Alikuja kuona kwa macho yake. Akiridhika, kikundi chake kingemwagiza Biribo ngalawa sita za mvungu, na hapo ndipo watu wangeacha kumwita "yule kijana aliyekwenda Tarawa" wakaanza kumwita fundi.

Upepo ulikuwa wa kaskazini, mwepesi, na maji yalikuwa yamejaa. Walivuka maji ya ndani, yaliyozungukwa na mwamba, kwa tanga, rengu likiwa upande wa upepo kama inavyotakiwa, wakielekea mlango wa magharibi, pale mwamba unapoachia nafasi ya kutokea bahari kuu.

"Kitendawili!" Nei Kinaai alisema. Moyo wake ulikuwa mzito, na moyo ukiwa mzito mdomo wake ulipenda kucheza.

"Tega," alijibu Uriam.

"Nina mjukuu, kila aendako anatanguliza uso, wala hajawahi kugeuka."

"Si ni ngalawa hiyo! Dada yangu, hicho nilikisikia nikiwa bado nanyonya."

"Basi na akili yako waliiachisha ziwa siku hiyohiyo."

Uriam alicheka mpaka ngalawa ikatikisika. "Fundi wa Tarawa! Mama yako ananitukana kwenye chombo ninachotaka kukiagiza. Hii ndiyo biashara mliyofundishwa huko?"

"Ukitaka asiyetukana, utapata tanga la kununua dukani," Biribo alisema. "Linapasuka mwezi wa pili."

Walipofika mlangoni Biribo aliwasha injini ili aonyeshe. Ilikuwa injini ndogo isiyo na gia ya nyuma, lakini mvunguni mle ilitulia ikaimba, na ngalawa ikateleza juu ya matumbawe ambayo Nei Kinaai aliyaona wazi chini yake, ya kahawia na ya zambarau, kimo cha goti tu. Uriam aliinama kuchungulia, akaacha kutafuna.

"Haigusi?"

"Haigusi."

"Hata hapa?"

"Hata hapa, Ten Uriam. Mguu wake umejikunja ndani."

"Loo!" Uriam akapiga ubao wa ngalawa kwa kiganja. "Wewe kijana una kichwa."

Mama yake aliona masikio ya Biribo yakibadilika rangi, kama ya baba yake alipokuwa akisifiwa. Basi akazidi kulimeza lile neno, likashuka chini zaidi.

*

Nje ya mwamba walikuta ndege wanapiga mbizi, wakafuata, wakavuta majodari wawili wanene. Furaha ya samaki ina tabia ya kula saa. Nei Kinaai alipoinua macho, ule upepo wa kaskazini ulikuwa umebaki kama pumzi ya mtu aliyelala, na maji yalikuwa yameanza kupwa. Pale Abaiang maji yakipwa, yote yaliyojaa ndani ya mwamba hutafuta njia ya kutoka kwa wakati mmoja, na njia ni ule mlango.

"Turudi," alisema.

Walihamisha tanga. Uriam alibeba usukani kwenda ncha ya pili, Biribo akazungusha injini ndani ya sanduku ielekee kusukuma upande mwingine, na iliyokuwa nyuma ikawa mbele. Rengu likabaki upande wa upepo. Tanga likajaa nusu, likalegea, likajaa tena. Ngalawa ilikwenda, lakini bahari chini yake ilikwenda kinyume, kwa haraka zaidi.

Biribo akavuta kamba ya injini.

Ikawaka mara moja. Ikanguruma. Na maji ndani ya sanduku yakachemka kama sufuria ya wali, yakaruka yakamlowesha Nei Kinaai kuanzia kifuani hadi magotini. Ngalawa haikusogea.

"Nini tena?" Uriam aliuliza.

"Mwani umeshika propela." Biribo alizima, akaingiza mkono hadi begani, akapapasa. Hakukuwa na mwani. Akawasha. Ngurumo, na maji yakachemka. Akaongeza moto. Ngurumo ikapanda ikawa mlio wa nguruwe, uleule walioukimbia, na povu jeupe likajaa sandukuni.

Nei Kinaai alitazama pwani. Kila mtu wa visiwa hivi ana njia yake ya kupima anavyochukuliwa na maji. Walipoondoka walikuwa wanauona mchanga. Sasa mchanga haukuwepo. Paa la bati la kanisa bado lilikuwepo, ukucha mmoja wa mwanga juu ya maji. Likizama hilo, vitabaki vichwa vya minazi peke yake, kisha navyo vitaingia baharini kimoja kimoja, na mtu hana tena mahali pa kuelekeza macho. Kisiwa chao hakina mlima. Kaka yake na mume wake waliwahi kuchukuliwa hivyo. Siku thelathini na nne. Ten Nabuti alirudi na meli ya wageni, akiwa ngozi na mifupa. Kaka yake hakurudi, na Ten Nabuti hakusimulia hata siku moja ilikuwaje.

Uriam alitupa nanga. Kamba ilikwisha yote, ikaning'inia wima kama uzi wa mshonaji. Nje ya mwamba hakuna chini ya kushika. Akaivuta tena kimyakimya. Simu yake aliiinua juu, akaizungusha, akairudisha mfukoni.

"Plagi," Biribo alisema. Akaifungua, akaifuta kwa fulana, akaipuliza. Jasho lilimdondoka puani. Akawasha. Ngurumo, povu. "Basi mafuta yameingia maji." Akafungua mrija, akanusa, akamimina kidogo kiganjani. Mafuta yalikuwa safi. Yalikuwa pia machache: tangi lilikuwa na nusu, na kila ngurumo ilikuwa inakula.

Uriam alishika kafi akaanza kupiga maji. Baada ya mapigo ishirini akawa anahema. "Fundi, injini ya rafiki yangu iliwahi kufanya hivi. Ilikuwa pini ya propela imekatika."

"Siyo pini. Ingekuwa pini, isingechemsha maji."

"Basi nini?"

"Sijui!" Biribo alipiga kelele. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Lakini mama yake alijua. Alikuwa amekaa juu ya mvungu wenyewe, anasikia kwa makalio, kila propela inapoyasukuma maji yakagonga ubao, yakarudi yakiwa hayana pa kwenda, yakapanda sandukuni, yakashuka na hewa. Injini haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa inakunywa hewa kwa sababu imefungiwa.

Akaona njia ya kando. Kitendawili siyo kutaja.

"Biribo," alisema, "kitendawili."

"Mama!"

"Nina chupa ya tembo. Nimeiziba mdomo, kisha naligombeza tembo kwa nini halimwagiki."

"Mama, nakuomba. Sasa siyo saa yake." Alikuwa ameinamia plagi, anaifungua tena, ileile aliyoifuta. Hakugeuka hata kumtazama.

Nei Kinaai alitazama pwani. Paa la kanisa halikuwepo.

 Akilini akamwona mwanawe anapasua kuni, na watu wanamwagiza kwa upole. Akamwona pia siku ya ishirini, ya thelathini, midomo imepasuka kwa chumvi. Kisha neno lililokaa kooni siku tatu likatoka, na lilipotoka lilikuwa kubwa kuliko alivyolimeza.

"Mvungu wako umekosewa, mwanangu."

Biribo akasimamisha mikono. Kafi la Uriam likabaki hewani, linadondosha maji.

"Una mdomo mmoja. Ulichonga wa boti yenye mkia. Tulipokuja maji yalikuwa yanatokea mdomoni. Sasa umezungusha injini inayasukumia ubaoni. Fungua plagi mpaka kesho, haitakwenda."

 Bahari ilipiga rengu, kop, kop. Biribo alitazama ndani ya sanduku kwa muda, kama mtu anayetazama kisima alichoangusha kitu. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alikuwa anahesabu njia ya maji: yaingie hapa, yatoke pale. Mama yake alimwona anafika mwisho wa hesabu.

"Ulijua lini?" aliuliza polepole.

"Siku ya chai."

"Siku ya chai." Akarudia hivyo tu.

"Utanigombeza ukiwa nchi kavu. Nitakaa nikusikilize siku nzima. Sasa fanya kitu."

"Ubao ule ni wa gundi na skrubu kumi na mbili. Sina bisibisi ndefu, sina msumeno. Nikipiga mbizi na kisu hiki nitaukuna tu."

"Usiuguse ubao. Geuza ngalawa."

Hawakumwelewa mara moja. Au walimwelewa, masikio yakakataa.

"Shusha tanga," Nei Kinaai alisema. "Geuza chombo chote kwa makafi, ncha iliyotutoa ndiyo itutangulie kurudi. Rudisha injini ilivyokuwa. Maji yatatokea mdomoni kama asubuhi."

"Na rengu?" Uriam aliuliza.

"Litakaa upande wa chini ya upepo."

"Nei Kinaai!" Uriam aliweka kafi magotini. "Rengu chini ya upepo? Mimi babangu alinichapa kwa jambo hilo nikiwa na miaka mitano, na ngalawa yenyewe ilikuwa ya kuchezea, ya ganda la nazi! Nitawaambiaje watu?"

"Utawaambia ukiwa hai."

"Tukishusha tanga na injini ikakataa, hatuna kitu," Biribo alisema.

"Tuna kitu gani sasa?"

Tanga likajibu kwa niaba yao: likalegea, likapiga mlingoti mara mbili, likatulia limekunjamana. Biribo akafungua kamba.

*

Kuigeuza kulikuwa kazi. Ngalawa ile haijui kugeuka, haijaumbwa kwa hilo. Wanaume wawili walipiga makafi upande mmoja, Nei Kinaai akishikilia usukani uliorudishwa ncha ya asubuhi, na chombo kikazunguka kwa uvivu kama gogo linaloelea, mpaka mawimbi marefu ya kaskazini yakaanza kukipiga mbavu upande ambao siku zote ulikuwa wa kivuli. Kila wimbi likaisukuma ngalawa juu ya rengu lake. Rengu likazama, likatokea, likazama.

"Kaa upande huu wote!" Biribo alimwita Uriam. "Siyo huko. Huku, ukingoni!"

"Huku ni upande mbaya."

"Leo ndio mzuri. Leta unene wako."

Uriam alijivuta mpaka ukingoni, akatoa matako nje juu ya bahari, akashika kamba ya mlingoti kwa mikono miwili. Rengu likainuka. Maisha yake yote alikuwa amekaa upande wa rengu ili kuliweka chini, na sasa amekaa upande wa pili ili lisizame. Alifumba macho, akaanza kusali kwa sauti.

Biribo alizungusha injini. Akavuta kamba. Haikuwaka. Akavuta. Haikuwaka. Plagi ilikuwa imelowa kwa kufunguliwa mara nyingi. Nei Kinaai aliuma kidole chake. Akavuta mara ya tatu.

Ikawaka, na maji ndani ya sanduku yakatulia. Yakashuka. Nyuma yao ukachomoka mfereji wa povu, mrefu, ulionyooka, na ngalawa ikainua kichwa.

Hakuna aliyeshangilia. Mlango ulikuwa bado mbele.

Paa la kanisa lilirudi. Kisha mchanga. Kisha wakausikia mlango kabla ya kuuona, mngurumo wa maji yanayotoka yakikutana na mawimbi yanayoingia. Pale katikati, ambako asubuhi walipita wakicheka, maji yalikuwa yamesimama kuta kuta. Biribo aliingiza ngalawa humo, akaongeza moto wote. Upande wa kulia palikuwa na jiwe jeusi la tumbawe lililotoka majini, limekaliwa na ndege mmoja. Nei Kinaai alilishika kwa macho. Wakawa sambamba nalo. Wakaendelea kuwa sambamba nalo. Injini inalia, maji yanapita mbio pembeni, na lile jiwe liko palepale, na ndege anawatazama. Kisha jiwe likaanza kwenda mbele.

"Tunarudi nyuma," alisema.

"Naona."

"Mafuta?"

Biribo alitikisa tangi. Mlio wake haukuhitaji maelezo.

Uriam alifumbua jicho moja. "Fundi. Sema kitu."

Biribo alikuwa anatazama kushoto, pembeni kabisa mwa mlango, ambako mwamba unapanda na maji yanapungua kina. Pale mkondo ulikuwa dhaifu, unazunguka zunguka tu. Hakuna mtu mwenye injini aliyewahi kupita pale maji yakipwa. Matumbawe yalikuwa karibu kutoa vichwa.

Akamtazama mama yake. Tangu siku ya chai ilipotajwa alikuwa hajamtazama.

"Mvungu umekosewa mdomo," alisema. "Kina chake sikukosea."

"Basi pita."

Akakata kushoto. Mkondo ukawashika ubavuni, rengu likazama mpaka vijiti vyake vikaingia maji, Uriam akapiga ukelele akajitupa nje zaidi, na Nei Kinaai akaacha usukani kwa mkono mmoja akamshika mkanda wa kaptura. Rengu likatoka. Wakawa juu ya mwamba. Chini yao matumbawe yalipita karibu sana, angeweza kuyahesabu matawi. Tumbo la ngalawa likakwaruza, krrr, mbao juu ya mawe, na Nei Kinaai akangoja ule mlio mwingine, mlio wa chuma, ambao kila mtu pale Abaiang anaujua, kisha kimya chake.

Haukuja. Propela ilikuwa imejikunja juu mvunguni mwake, inasukuma. Tumbo likakwaruza tena. Ngalawa ikasita, ikatambaa, ikasogea kimo cha mtu, kimo cha mtu kingine. Lile jiwe jeusi likaanza kurudi nyuma. Ndege akaruka.

Halafu matumbawe yakazama chini, maji yakageuka kijani, na mlio wa mlango ukabaki mgongoni.

Uriam alirudisha matako yake ndani ya ngalawa, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.  Kisha akatafuta kipande cha nazi mfukoni, akakikuta kimelowa chumvi, akakitia mdomoni hivyohivyo.

"Mimi," alisema akitafuna, "masikio yangu yalikuwa yamejaa maji kule nje. Sikusikia neno hata moja. Dada yangu, ulisema kitu?"

Nei Kinaai alimwelewa, akataka kumbusu. "Nilikuwa naomba Mungu."

"Nilifikiri hivyo. Basi, fundi, hapa ndani upepo upo kidogo. Zima injini, pandisha tanga, tuweke rengu mahali pake, tuingie pwani kama watu wenye wazazi. Wanangoja pale, unawaona? Ukoo mzima."

Kweli walikuwa wanangoja. Walionekana wamesimama mbele ya banda, wanawake na vitambaa vyao, wazee wameketishwa mbele. Biribo alipunguza moto. Mkono wake ulikwenda kwenye kamba ya tanga, ukaishika, ukakaa hapo.

Nei Kinaai aliendelea kushika usukani. Maneno yake ya siku ile yalikuwa yamekwisha.

"Kesho mafundi wengine watakuja kuupima mvungu wangu," Biribo alisema. "Kwa siri, kwa kamba, kama nilivyopima mimi wa Tarawa. Watasema ulikwenda ukarudi. Watauchonga hivyohivyo."

"Utawaambia baadaye," Uriam alisema. "Polepole. Mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja mpaka yupi achukuliwe na maji?"

"Watakuvua jina, kijana. Watajua kasoro ilitajwa kabla hatujarudi."

Biribo akaiachia kamba. Akaongeza moto, na ngalawa ikaelekea pwani moja kwa moja, tanga limelala, rengu liko upande wa chini ya upepo, mchana kweupe, mbele ya macho ya kila mtu. Kule ufukweni wazee wakaanza kuinuka. Mwanamke mmoja alijishika kichwa. Sauti ya mzee ikavuka maji, kali, iliyovunjika kidogo:

"Nyie! Rengu! Rengu lenu liko wapi?"

Biribo alisimama, mkono mmoja kwenye injini. Sauti yake ilitoka nzima.

"Liko upande mbaya, babu! Njooni niwaonyeshe kwa nini."